BUIBUI WA NYUMBANI: MTAZAME KWANZA KABLA HUJAINUA UFAGIO

Kitendawili! Tega! Fundi wangu hanunui uzi dukani, hapimi kwa futi, na kila Jumamosi nyumba yake hubomolewa kwa ufagio. Mpenzi msomaji, bila shaka umekwisha kung'amua. Jibu ni buibui.

Hakuna mwanafunzi wa bweni asiyemjua buibui. Yumo pembeni mwa dari, nyuma ya sanduku, bafuni, na wakati mwingine huteremka polepole juu ya ubao mwalimu akifundisha. Lakini kumwona kila siku ni jambo moja na kumfahamu ni jambo jingine kabisa. Hebu waulize wenzako swali hili rahisi: buibui aliye ukutani mwa bweni letu ni wa aina gani, na anakula nini? Wengi watakujibu, "Ah, buibui ni buibui bwana!" kisha wavue patipati wampige. Mwingine ataongeza kwamba buibui wote wana sumu ya kuua mtu, kwa hivyo dawa yao ni moja tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Buibui wa nyumbani ni wa aina nyingi, na njia nyepesi ya kuwatofautisha ni kuangalia jinsi kila mmoja anavyotafuta riziki yake. Tena, katika sehemu moja ya nchi yetu, kandokando ya Ziwa Viktoria, yupo buibui mdogo ambaye chakula anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyeshiba damu. Mahali ambapo malaria bado inaua watoto, kumjua buibui wa namna hiyo si mchezo wa kupoteza wakati.

BUIBUI SI MDUDU

Tuanze na msingi. Katika mazungumzo ya kawaida, kila kinachotambaa ukutani tunakiita mdudu. Darasani, hata hivyo, mwalimu wa bayolojia hatakubali. Mdudu halisi kama vile mende, nzi au mbu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Ana vipapasio viwili kichwani, na aghalabu ana mabawa.

Buibui ana miguu minane. Mwili wake una sehemu mbili tu, kwa maana kichwa na kifua vimeungana kuwa kipande kimoja, na nyuma yake lipo tumbo. Hana vipapasio wala mabawa. Vile vijiguu viwili vifupi unavyoviona mbele ya uso wake si miguu bali ni viungo vya kupapasia na kushikia chakula. Madume yaliyokomaa huwa na uvimbe mdogo kwenye ncha za viungo hivyo, mithili ya mtu aliyevaa glavu za ndondi. Basi ukiona hizo glavu, jua huyo ni dume.

Jamaa zake wa karibu ni nge, kupe na utitiri, wala si mende. Ukoo wenyewe ni mkubwa ajabu. Kufikia mwaka wa 2022 wataalamu walikuwa wamekwisha kuorodhesha aina 50,000 za buibui duniani. Kwa hivyo anayesema "buibui ni buibui" ni sawa na mtu anayesema paka ni simba kwa vile wote wana masharubu.

Na kwa kuwa hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili, tusisahau lugha. Nyumba ya buibui huitwa utando au tandabui. Nalo lile vazi jeusi la akina mama wa Pwani linaitwa buibui vilevile. Kwa hivyo ukisikia mtu wa Mombasa akisema mama amevaa buibui, usipige mayowe!

ANAVYOKULA

Buibui ni mwindaji. Isipokuwa wachache mno, wote huishi kwa kuua viumbe wengine, hasa wadudu. Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba buibui hawezi kutafuna na kumeza nyama ngumu kama wewe unavyofanya na githeri bwaloni. Kinywa chake ni kidogo mno. Yeye ni mtu wa uji tu.

Kwanza humshika windo lake na kumdunga kwa chonge mbili zilizo mbele ya mdomo. Kupitia chonge hizo hupenyeza sumu, na windo hulegea. Pili, humtemea maji ya tumboni mwake ambayo kazi yake ni kuyeyusha nyama. Mate yetu na tumbo letu hufanya kazi hiyo chakula kikiwa ndani. Buibui huifanya chakula kikiwa bado nje. Tatu, huvuta ule uji kwa tumbo lenye misuli ya kufyonza. Akimaliza, kinachobaki ni ganda, mabawa na miguu mikavu.

Hapo ndipo utakapopata ushahidi wako, msomaji. Ukitaka kujua buibui wa pembeni anakula nini, usimwulize mtu. Chuchumaa utazame sakafuni chini ya utando wake. Utayakuta mabaki ya karamu: mabawa ya nondo, kichwa cha siafu, miguu ya mbu, pengine hata ganda la buibui mwenzake. Askari wapelelezi husoma nyayo. Wewe soma makombo.

Je, wajua kwa nini buibui aliyekufa hukunja miguu yote kifuani? Miguu yake ina misuli ya kukunjia, lakini kwenye viungio vikubwa haina misuli ya kunyoshea. Huinyosha kwa kuisukumia maji ya mwili, kama vile mpira wa kunyweshea bustani unavyokakamaa maji yakifunguliwa. Akifa, nguvu ya kusukuma hutoweka na miguu hujikunja yenyewe.

JINSI YA KUMTAMBUA

Ukimwona buibui nyumbani, jiulize maswali manne kabla ya kufanya lolote. Je, yuko ndani ya utando au anatembea huru? Miguu yake ni mirefu na myembamba au ni mifupi na minene? Macho yake yanaonekana waziwazi? Akishtushwa, anafanya nini: anatetemeka, anakimbia, anajikunja, au anageuka kukutazama? Ukiyajibu maswali hayo utakuwa umekaribia ukweli. Hawa wanne ndio unaoweza kukutana nao.

Wa kwanza ni yule mwenye miguu mirefu, myembamba kama nywele, na kijitumbo kidogo cha rangi ya kijivu au kahawia. Huning'inia kichwa chini katika utando usio na mpangilio kwenye pembe za dari, stoo na vyoo. Ukimgusa hutetemeka kwa kasi hata usimwone vizuri. Hiyo ndiyo mbinu yake ya kumchanganya adui. Hula mbu, nzi wadogo na hata buibui wenzake, ambao huwafunga kwa nyuzi kutoka mbali kwa kutumia ile miguu mirefu. Jike hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaangue. Zipo porojo kwamba huyu ana sumu kali kuliko buibui wote duniani. Ni uongo mtupu. Hana madhara kwa mtu.

Wa pili ni jitu. Ni buibui mkubwa wa kahawia, mwili wake ni bapa, na miguu yake imetanuka pande zote kama ya kaa. Akinyosha miguu anaweza kuenea kiganja kizima cha mtu. Hupatikana zaidi sehemu za joto kama vile Pwani, na husafiri hata ndani ya mikungu ya ndizi. Huyu hafumi utando wa kunasia. Hutoka usiku akawinda kwa mbio, na kitoweo chake kikubwa ni mende. Jike utamwona amebeba kifuko cha mayai chini ya mwili, mviringo na bapa kama sarafu. Anatisha, na akibanwa anaweza kuuma na kuleta maumivu, lakini desturi yake ni kukimbia. Nyumba yenye mende wengi haina haki ya kumlaumu.

Wa tatu ndiye wa kuchungwa. Tumbo lake ni mviringo kama pojo kubwa linalong'aa, rangi yake ni kahawia au karibu na nyeusi. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya machungwa au nyekundu, mfano wa pembetatu mbili zilizogusana ncha. Hufuma utando wa ovyo mahali palipojificha: chini ya viti na madawati, kwenye kingo za madirisha, ndani ya makopo matupu, vyooni. Vifuko vyake vya mayai ni vya mviringo na vina vijimwiba pande zote. Ukiviona vifuko vyenye vijimwiba, usitie mkono! Si mgomvi, na akiguswa hujikunja ajifanye mfu, lakini akibanwa huuma, na maumivu yake si ya mzaha. Mara chache huhatarisha maisha. Hata hivyo, aliyeumwa na kuona maumivu yanazidi, au mtoto mdogo aliyeumwa, apelekwe hospitalini bila kungoja.

Wa nne ni mrukaji. Ni mdogo, mnene, mwenye miguu mifupi na manyoya. Hana utando wa kunasia. Hutembea ukutani mchana kweupe kwa hatua za vituovituo, anasimama, anatazama, anatembea tena. Ana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa kama taa za lori. Msogezee kidole polepole. Wengine watakimbia, huyu atageuka akukodolee macho! Hakuna buibui mwingine wa nyumbani mwenye tabia hiyo. Macho yake huona vizuri ajabu kwa kiumbe wa kimo chake. Humnyatia nzi kama paka anavyomnyatia panya, na akifika karibu huruka akamkamata. Kabla ya kuruka hubandika uzi ukutani, ili akikosa asianguke bali aning'inie na kupanda tena.

Huyu mrukaji ndiye anayetupeleka Ziwani.

MLAJI MBU WA MBITA

Mji wa Mbita uko katika Kaunti ya Homa Bay, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Hapo pana kituo cha utafiti cha ICIPE, taasisi ya kuchunguza wadudu ambayo ilianzishwa mwaka wa 1970 na mwanasayansi wa Kenya, hayati Profesa Thomas Odhiambo. Kituo hicho cha Mbita kinaitwa kwa jina lake.

Kwenye kuta za nyumba na mashina ya miti huko Mbita anaishi buibui mrukaji ambaye urefu wa mwili wake ni kama milimita 5, yaani punje ndogo ya mchele. Rangi yake ni ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na dume aliyekomaa ana uso mwekundu. Akiwa hawindi hujificha nyasini na kwenye mimea mifupi karibu na nyumba. Mwaka wa 2003 wataalamu Wanda Wesołowska na Robert Jackson walimpa jina rasmi la kisayansi, Evarcha culicivora. Neno la pili lina maana ya mla mbu. Anapatikana kandokando ya Ziwa, upande wa Kenya na wa Uganda.

Sasa, wapo buibui wengi wanaokula mbu wakiwapata. Ajabu ya huyu ni kwamba anachagua. Mtu aliyewahi kufika Ziwani anawajua wale wadudu wadogo wasiouma wanaopaa juu ya maji makundi kwa makundi kama moshi. Hao ndio wengi, na mrukaji wa Mbita angeweza kushiba kwao bila kutoka jasho. Lakini yeye huwaacha akamtafuta mbu. Tena si mbu yeyote, bali mbu jike. Tena si jike mwenye njaa, bali jike aliyetoka kunyonya damu!

Kwa nini? Kumbuka kwamba mbu dume hanywi damu. Yeye hula utamu wa maua tu. Jike ndiye anayehitaji damu ili apate kutengeneza mayai. Akishashiba hutua ukutani kupumzika, tumbo limemvimba na kuwa jekundu. Mrukaji wa Mbita hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu au ya mnyama. Hawezi kukunyonya. Hivyo huipata damu kwa njia ya mzunguko: mbu anakwenda kuichota, naye anamngoja kwenye kona. Hakika hii ni ile ya mlinzi anayemnyang'anya mwizi.

Kuna jingine la kuchekesha. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba buibui hawa wakila mbu wenye damu hupata harufu inayowavutia wachumba, dume kwa jike. Wenzetu hununua manukato. Yeye hula mbu.

WALIJUAJE?

Msomaji makini atauliza: watu walijuaje mambo haya yote? Je, walimwuliza buibui? Swali ni zuri, na jibu lake ni somo la kutosha kwa kila mwanafunzi wa sayansi.

Robert Jackson na Ximena Nelson kutoka New Zealand, pamoja na Mkenya Godfrey Sune, walitoa matokeo yao mwaka wa 2005. Walichukua wadudu waliokufa wakawasimamisha juu ya vipande vidogo vya kizibo kana kwamba wako hai. Mbu mwenye damu aliwekwa upande mmoja na mdudu mwingine upande wa pili, kisha buibui akaachiliwa achague. Kwa vile wadudu wale hawakuwa wakisogea, buibui alitegemea sura peke yake. Alichagua mbu mwenye damu. Wakajaribu tena kwa harufu tupu: bomba lenye umbo la herufi Y, kila tawi likileta harufu yake, buibui asione kitu. Akafuata harufu ya mbu mwenye damu. Kumbe ana macho na pua pia!

Mwaka wa 2012 Nelson na Jackson walieleza jaribio la ajabu zaidi. Waliunganisha mbu wa viraka: kichwa na kifua cha dume vikaunganishwa na tumbo la jike lililojaa damu. Vipapasio vya mbu dume vina manyoya mengi kama brashi ya kusugulia chupa, lakini vya jike ni vyembamba. Buibui aliyapima yote mawili, tumbo na vipapasio, na akampendelea yule aliyekuwa jike mzima. Yaani hatazami tu wekundu wa tumbo. Anakagua hati zote kama ofisa wa mpakani.

Na wale watoto wake? Wanamjua mbu wa malaria kwa mkao wake. Mbu anayeeneza malaria anaitwa anofelesi. Akitua, hainuki sawasawa na ukuta kama mbu wengine, bali huinua sehemu ya nyuma juu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesukuma mkokoteni kupanda mlima. Buibui mchanga, ambaye ni mdogo kuliko mbu mwenyewe, humzunguka taratibu, akamjia kutoka nyuma, akapenya chini ya lile tumbo lililoinuliwa na kumshambulia kutoka chini. Kwa mbu wa mikao mingine hatumii mbinu hiyo. Ule mkao ambao wewe huukariri kwa ajili ya mtihani, yeye huutumia kupata chakula cha jioni.

Jaribio la mwisho litawafurahisha wanabweni. Mwaka wa 2011 Fiona Cross na Robert Jackson walitangaza kwamba waliwapa buibui hawa harufu ya soksi safi na harufu ya soksi zilizovaliwa na watu. Buibui walikaa kwa muda mrefu zaidi palipokuwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Sababu yake inaeleweka: harufu ya mtu ndiyo inayomvutia mbu anofelesi, na palipo na mbu ndipo palipo na chakula. Hata hivyo, ndugu zangu, jambo hili lisiwe kisingizio cha kutofua soksi!

JE, BUIBUI ATATUMALIZIA MALARIA?

Hapa lazima tuseme ukweli mtupu. Hapana, hawezi peke yake.

Malaria si jambo dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa Kenya wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 14, karibu asilimia 6 walikuwa na vimelea vya malaria. Lakini katika eneo la Ziwa idadi hiyo ilikuwa karibu asilimia 19. Ndiyo maana chanjo ya malaria kwa watoto ilipoanzishwa nchini mwezi wa Septemba mwaka wa 2019, ilianzia Kaunti ya Homa Bay, nyumbani kwa buibui wetu.

Faida ya buibui tunaweza kuieleza kwa hesabu ndogo. Mbu akinyonya damu ya mgonjwa, vimelea huhitaji siku 10 hadi 14 hivi ndani ya mwili wake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu aliyeliwa ukutani asubuhi baada ya kunyonya damu hatafika siku hiyo ya kumi. Hatauma tena, wala hatataga mayai. Buibui amemkata njiani.

Lakini mbu ni maelfu kwa maelfu, na buibui ni wachache. Tena mbu huuma usiku, ilhali mrukaji huwinda kwa macho, na macho yanataka mwanga. Kwa hivyo buibui humkamata mbu baada ya kukuuma wewe, si kabla. Anayekulinda kabla ya kuumwa ni neti. Mtu anayeacha neti kwa sababu ameona buibui ukutani ni sawa na anayeacha kufunga mlango kwa sababu jirani ana mbwa. Kinga ni bora kuliko tiba. Laleni ndani ya neti zenye dawa, fukieni madimbwi, na mwenye homa aende akapimwe damu mapema.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiue ovyo. Buibui mwenye miguu mirefu, lile jitu la mende na mrukaji hawana ugomvi nasi. Ikiwa yupo mahali pasipofaa, kwa mfano juu ya kitanda, mfunike kwa glasi au kikombe, penyeza karatasi ngumu chini yake, kisha umpeleke nje. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Pili, tutofautishe utando unaokaliwa na utando uliohamwa. Kiranja wa bweni ana haki ya kudai usafi. Ule uchafu mweusi unaoning'inia darini ni tando za zamani zilizojaa vumbi; hazinasi kitu na zinafaa kufagiliwa. Utando safi wenye mwenyewe ndani yake, mahali pasipomzuia mtu, unaweza kuachwa. Kwa njia hii kiranja atapata usafi wake na mbu atapata hasara yake.

Tatu, tuwe waangalifu na dawa za kupuliza. Wahenga walinena kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Dawa inayoua mende na mbu haimwulizi buibui kabila lake, humwua naye. Palipo na mbu wengi au wakati maafisa wa afya wanapopuliza dawa kukinga malaria, kazi ifanywe bila kusita, maana uhai wa mtu una thamani kuliko buibui. Lakini kumaliza kopo zima la dawa kwa ajili ya buibui mmoja wa pembeni ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi ufunguo.

Nne, yule mwenye alama nyekundu chini ya tumbo tumwogope kwa akili. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, tazama chini ya dawati la stoo kabla ya kulibeba, na usiingize mkono mahali usipopaona. Nyumba yenye watoto wadogo imwondoe kwa ufagio mrefu, pamoja na vile vifuko vyenye vijimwiba.

Mwisho, ningependa kuwapa wanachama kazi ya likizo. Chagua ukuta mmoja wa nyumba yenu, hasa ulio karibu na taa. Utazame kila jioni na kila asubuhi kwa muda wa juma moja. Andika katika daftari: buibui wangapi, wa aina gani kati ya zile nne, wanafanya nini, na makombo gani yako chini yao. Fahamu kwamba jina kamili la aina moja wataalamu hulipata kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini, kwa hivyo usitangaze kijijini kwamba umempata yule wa Mbita kwa sababu tu umeona mrukaji. Lakini tabia yake, mwindo wake na chakula chake utavijua kwa macho yako mwenyewe, bila kununua kifaa chochote. Wenzetu wa Homa Bay, Siaya, Kisumu, Migori na Busia ndio wenye bahati zaidi: huenda mla mbu mwenyewe yuko ukutani hapo nyuma ya nyumba, amekaa kimya, anamngoja mbu aliyekunyonya jana usiku.

Mwenye macho haambiwi tazama. Ila ni kweli pia kwamba wengi wetu tuna macho na hatutazami. Kabla ya kuinua ufagio Jumamosi ijayo, mpe buibui dakika moja ya kumkagua. Hesabu miguu, tafuta macho, soma makombo. Kisha uamue.